Mario wa siku zile alikuwa polepole, au ni mimi niliyebadilika?

#1 KasetiYaNjano
Wakuu, salamu. Kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Nimekulia Umoja hapa Nairobi, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili. TV gemu ilikuwa ya jirani wa chumba nambari nne: ya kijivu, pedi mbili, kaseti za njano. Hiyo ni 1998 au 1999. Super Mario niliimaliza nikiwa darasa la tano, na si mara moja. Vidole vyangu vilijua kila shimo na kila bomba mpaka dunia ya nane.

Mwezi huu nimenunua mtaa wa Luthuli kile kijiti cha kuchomeka nyuma ya TV, chenye maelfu ya gemu ndani. Nimefika nyumbani, nikawaita watoto waje waone baba yao akicheza, nikawasha Mario. Nikaanguka kwenye shimo la kwanza. Nikarudia, nikaanguka tena. Muziki unakimbia, Mario mwenyewe anakimbia, na ile saa ya juu kulia inashuka kama tokeni za stima mtu akipiga pasi. Nimejaribu emuleta, ile programu ya kuigiza mashine ya zamani, kwenye simu, ni yaleyale.

Naomba mnisaidie: hiki kijiti kimeongezewa mwendo, au ile ya jirani ndiyo ilikuwa polepole?

#2 KijanaWaPipeline
Ni umri, mzee wangu. Gemu haijabadilika.

#3 BintiKaloleni
Wewe #2 tulia, siku yako inakuja.

Kaka, hata mimi yamenipata, ila sidhani ni mwendo. Ni TV. Hizi TV bapa zikipokea picha huitengeneza kwanza ndipo ziionyeshe. Unabonyeza kuruka sasa hivi, Mario anaruka baadaye kidogo, na hapo katikati ndipo shimo linapokumeza. Ingia kwenye mipangilio ya TV, tafuta hali ya gemu, iwashe. Mimi nilipoiwasha nilivuka mabomba yote ya mwanzo bila kuguswa.

#4 SautiYaRiverRoad
Jibu ni stima. Stima ya Kenya ni hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, ya Marekani na Japani ni 60. Gemu ilitengenezewa 60, ilipofika hapa ikapunguzwa kasi na stima yetu. Hakuna siri hapo.

#5 FundiWaNgara
#4, hapana. Hiyo mashine ina adapta. Adapta inaigeuza stima kuwa umeme kama wa betri, volti 9 au 10 hivi, na umeme huo hauna hezi. Halafu Japani yenyewe ina stima ya aina mbili: upande wa Tokyo ni 50, upande wa Osaka na Kyoto ni 60. Nintendo, wenye Mario, wako Kyoto. Mashine ileile waliyouza Osaka waliiuza na Tokyo, na Mario alitembea mwendo mmoja kote.

#6 MwanaKayole
Naunga mkono fundi kwa ushahidi. Kwetu Kayole hatukuwa na stima mpaka nilipofika darasa la sita. Tulikuwa na Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, na betri ya gari iliyokaa chini ya meza juu ya gunia. Kaka yangu aliunga TV gemu kwenye betri hiyohiyo. Ilikuwa inachemka upande wa nyuma mpaka tunaifunika na kitambaa kibichi, lakini ilicheza. Mwendo ulikuwa uleule wa kwa binamu zetu Buruburu waliokuwa na stima.

#7 FundiWaNgara
Ilichemka kwa sababu ndani kuna kidude cha kushusha volti mpaka 5. Ukikipa 12 za betri, zile 7 zinazobaki zinatoka kama joto. Mwambie kaka yako alikuwa na bahati, hasa kwa hicho kitambaa kibichi.

#8 Mzee_Makadara
Vijana, mnaongea bila historia. Super Mario ilitoka Japani mwaka 1983 na mashine yake, ikaenda Marekani, ndipo Wataiwani na Wachina wakaiga na kutuletea sisi. Kila mwigo unapunguza kitu. Ndio maana yetu ilikuwa nzito.

#9 MaktabaYaGemu
Shikamoo mzee. Nirekebishe kidogo tu: mashine, yaani Famicom, ndiyo ya Julai 1983. Mwaka huohuo kulikuwa na Mario Bros., ile ya ukumbi mmoja wenye mabomba pembeni na kobe wanaopigwa kutoka chini. Super Mario Bros. tunayoizungumzia ni ya Septemba 1985. Gemu nzima, dunia 8 na viwanja 32, ina kilobaiti 40. Picha moja ya WhatsApp inaishinda mara kadhaa. Ndiyo sababu mawingu na vichaka ni mchoro mmoja uliopakwa rangi mbili. Tazameni vizuri mtaona.

#10 Mzee_Makadara
Marahaba. Hilo la mawingu sikulijua, na nimelitazama miaka thelathini.

#11 FundiWaNgara
Nilikuwa na mteja, nimerudi. Sababu yenyewe naijua hivi.

TV za zamani za Kenya zilikuwa za mfumo wa PAL kama za Uingereza. TV ya PAL huchora picha mara 50 kwa sekunde. Ya Japani na Marekani, mfumo wa NTSC, huchora mara 60. Sasa gemu za wakati ule hazikuwa zinasoma saa. Zilikuwa zinahesabu picha. Kila picha ikichorwa, Mario anasogea hatua, kobe anasogea hatua, muziki unasogea hatua. Waliotengeneza miigo ya kuuzwa kwenye nchi za PAL waliifanya ichore picha 50, lakini programu ya ndani ya kaseti iliachwa ileile ya Kijapani. Hatua ni zilezile, ila katika sekunde moja unapata 50 badala ya 60. Mwendo unapungua kwa sehemu moja ya sita.

Kwa hiyo #1, kijiti chako hakijaongezewa kitu. Ulilelewa na Mario aliyepunguzwa.

#12 KijanaWaPipeline
Mario aliyepunguzwa na mtoto wa ploti, kweli mlifaana.

#13 MwalimuHesabu
Hili linapimika, kwa hiyo tusibishane. Ile saa ya kwenye gemu si ya sekunde. Kila namba moja inashuka baada ya picha 24. Uwanja wa kwanza unaanza na 400. Ikifika 100 kunalia mlio wa onyo na muziki unaongeza kasi. Kutoka 400 hadi 100 ni namba 300, mara 24, ni picha 7,200.

Kwa picha 60: sekunde 120, dakika 2 kamili.
Kwa picha 50: sekunde 144, dakika 2 na sekunde 24.

Anza uwanja wa kwanza, usimguse Mario, msimamishe palepale mwanzo. Adui hawaji mpaka usogee. Washa saa ya simu, subiri mlio. Mwenye mashine yoyote apime alete majibu.

#14 KijanaWaPipeline
Mwalimu amemwingiza Mario KCPE.

#15 KasetiYaNjano
Nimepima kijiti. Dakika 2 na kama nusu sekunde, mara mbili mfululizo. Simu nayo dakika 2. Kwa hiyo kijiti kiko sawa na Kijapani. Asante Mwalimu, asante fundi.

Lakini naona hamjamaliza. Mmenithibitishia kwamba hiki cha sasa hakijaharakishwa. Hamjanithibitishia kwamba ile ya jirani ilikuwa ya 50.

#16 BintiKaloleni
Na mimi nasisitiza TV. Kupima saa hakupimi kuchelewa kwa kidole. Gemu inaweza kutembea mwendo halali na bado uione inakukimbilia, kwa sababu wewe unaletewa habari kwa kuchelewa. #1 hajatuambia kama amewasha hali ya gemu.

#17 KasetiYaNjano
Nimewasha dada. Nimefika kwenye bendera mara moja kati ya tano. Ni nafuu, si tiba.

#18 Dereva_wa_46
Mimi napita tu, ila kuna mtu anakumbuka ile gemu ya Contra? Kule kwetu Kawangware tulikuwa na siri: juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A. Unapata roho 99. Bila hiyo hakuna mtu mtaani aliyewahi kufika kwenye maporomoko ya maji.

#19 MaktabaYaGemu
Roho 30, ndugu, si 99. Na siri hiyo haikuanzia kwa Contra. Ilianzia kwa gemu ya Gradius ya kampuni ya Konami, 1986. Jamaa aliyekuwa akiihamishia kwenye Famicom, Kazuhisa Hashimoto, aliiona ngumu mno kuijaribu mwenyewe, akajiwekea njia ya kupata silaha zote. Ikasahaulika humo ndani, gemu ikatoka nayo. Hashimoto alifariki 2020. Mtoto wa Kawangware na mtoto wa Osaka walibonyeza kitu kimoja kwa mpangilio mmoja, na hakuna aliyekuwa na intaneti wa kumwambia mwenzake. Hilo hunigusa kila nikilifikiria.

#20 Dereva_wa_46
Thelathini? Basi zilikuwa nyingi kwa macho ya njaa.

#21 NyanyaWaGemu
Kwetu Jericho siri hiyo haikufanya kazi kabisa, kwa sababu kaseti yetu ya "9999 katika 1" ilikupa roho 30 bila kuomba. Na hizo 9999 zilikuwa uongo mtupu: gemu kama ishirini hivi, zilizobaki ni zilezile zikianza uwanja tofauti. "Mario 7" yetu ilianzia majini. Kwa miaka miwili nilidhani Mario ni gemu ya samaki.

Hili linahusu swali la #1. Kama kaseti zilikuwa zimeguswa hivyo, nani ajuaye walibadilisha nini kingine humo? Huenda polepole ilikuwa ndani ya kaseti, si kwenye mashine.

#22 FundiWaNgara
Kuanzisha uwanja tofauti ni kubadilisha vitu vichache tu kwenye programu. Kupunguza kasi ya Mario, ya adui na ya muziki, vyote kwa kiwango kimoja, ni kazi kubwa, na hakuna mwenye kiwanda cha kuiga aliyekuwa na sababu ya kujisumbua hivyo. Ila sikatai moja kwa moja mpaka nione kaseti.

#23 MwanaKayole
Wakati fundi yupo: bunduki ya bata. Nimeitoa kwa mama, nimeiunga kwenye TV bapa, haipigi hata bata mmoja. Imeharibika?

#24 FundiWaNgara
Haijaharibika. Bunduki hairushi kitu, ni jicho. Ukivuta kichocheo, skrini inakuwa nyeusi kwa picha moja, halafu penye bata panawekwa mraba mweupe. Jicho likiona giza kisha mwanga kwa wakati uleule gemu inaoutarajia, umepiga. TV ya kisogo, zile nene za zamani, inachora papo hapo. TV bapa inachelewa, jicho linatazama kabla mraba haujafika. Hapo #16 ana haki kabisa kuhusu kuchelewa. Tafuta TV ya kisogo.

#25 BintiKaloleni
Asante fundi. #2 na wenzake wasome hapo.

#26 NyanyaWaGemu
Na pedi ya pili ilikuwa inamwendesha bata! Kaka zangu walinificha hilo miaka yote. Mimi napiga, wao wanamkwepesha, wananiambia sina shabaha.

#27 SautiYaRiverRoad
TV ya kisogo utaitoa wapi leo? Matangazo ya analogia yalipozimwa 2015 watu walizitupa kama maganda. Ofisini kwetu tulizibeba nane kwa mkokoteni.

#28 Mkubwa_wa_PS
Nyinyi wa Mario mmekaa sana. Kizazi chetu ni PS, yaani PlayStation, ya kwanza. Nilikuwa na banda Dandora, mashine tatu, bob tano kwa mechi. Mbili kati ya hizo zilikuwa zinasoma CD zikiwa zimelazwa kifudifudi. Wateja walidhani ni uchawi.

Na swali hili la #1 tulikuwa nalo. Winning Eleven za CD za Kijapani zilikuwa zinatoka bila rangi kwenye TV fulani, lakini mpira unakimbia. Za Ulaya zilitoka na rangi, mpira mzito kidogo. Wachezaji wakali walichagua isiyo na rangi.

#29 FundiWaNgara
#28 umetupa ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. TV ya PAL tupu ikiletewa ishara ya NTSC inaonyesha picha lakini haiwezi kuisoma rangi. Kwa hiyo isiyo na rangi ilikuwa ya 60.

Na kifudifudi si uchawi. Kwenye mashine za mwanzo reli ya plastiki inayobeba jicho la leza ilikuwa inalika, jicho linainama. Ukiigeuza, uzito unalirudisha pale pa kusomea.

#30 Mkubwa_wa_PS
Mimi huambiwa ni joto. Ukiigeuza, joto linatoka. Sijui nimwamini nani, kwa sababu nilipoiwekea feni pia ilisoma.

#31 FundiWaNgara
Wakuu, nimeipata. Kwenye droo ya chini kabisa dukani, chini ya rimoti, kulikuwa na TV gemu moja ambayo mwenyewe aliileta miaka mingi iliyopita na hakurudi kuichukua. Pedi moja imekatika waya. Nimeifungua.

Nawaeleza ninachokiona. Kibao cha kijani kidogo kuliko kiganja. Katikati tone jeusi la gundi ngumu, kama lami iliyodondoka, na chini ya hilo tone ndiko akili yote iliko: ile kazi ambayo Nintendo waliifanya kwa chipu kadhaa imebanwa humo. Pembeni ya tone kuna kristali, kile kikopo cha chuma kinachong'aa. Hicho ndicho moyo, kinapiga mapigo ya mashine nzima. Nimekisugua vumbi na kidole, nikaiinamisha chini ya taa: megahezi 26.601.

Mashine ya NTSC huwa 21.477. Hii ya 26.601 ni ya PAL. Picha 50.

Kaseti haikusoma mara ya kwanza. Sikupuliza. Nilichovya pamba kwenye spiriti nikafuta yale meno ya shaba, pamba ikatoka nyeusi kama masizi. Nikafuta mpaka ikatoka nyeupe. Nikarudisha, ikawaka. Nina TV ya kisogo moja ya kujaribia. Nimemsimamisha Mario.

Dakika 2, sekunde 24.

#32 MwalimuHesabu
Nimesimama kitini hapa nyumbani, mke wangu anauliza kuna nini.

#33 KasetiYaNjano
Fundi, nimesoma hii mara tatu. Asante sana. Muziki uko vipi?

#34 FundiWaNgara
Wa kutembea. Nilipoanza kuusikia niliacha kazi.

#35 Dereva_wa_46
Lakini kupuliza kulifanya kazi jamani! Msitunyang'anye na hilo. Sisi tulipuliza miaka kumi.

#36 FundiWaNgara
Kilichofanya kazi ni kuitoa na kuirudisha; meno yanakwaruzana, yanashika upya. Mate yako yanaleta kutu. Nintendo wenyewe walikataza kupuliza.

#37 MwanaKayole
Mimi nilijaribu kutoa na kurudisha bila kupuliza, mara sita, haikukubali. Nikapuliza mara moja, ikakubali. Unyevu unapitisha umeme, fundi. Hata betri ya gari inataka maji.

#38 BintiKaloleni
Naomba radhi kuharibu sherehe. Jumapili nilienda kwa mama Kaloleni, nikaitoa yetu kwenye kisanduku juu ya kabati. Nyeusi, pedi mbili, imefungwa kwenye shuka. Nimeipima kwenye TV ya kisogo ya mama ambayo bado iko sebuleni kwa sababu amekataa itolewe.

Dakika 2 na sekunde 1. Nimerudia mara tatu. Na ina rangi.

#39 FundiWaNgara
Dada, TV ya mama ni ya aina gani? Zile Sony Trinitron nyingi zilizoletwa hapa zilisoma mifumo yote miwili. Hizo zingeonyesha rangi ya NTSC bila shida. Na kama una bisibisi, fungua usome kristali.

#40 BintiKaloleni
Ni Sony. Ndugu yangu mdogo amefungua. Imeandikwa 21.477.

Kwa hiyo mimi nilikua na Mario wa kasi tangu mwanzo, hapahapa Nairobi, na bado nikianguka kwenye TV bapa. Mnaona sasa kwa nini nang'ang'ania kuchelewa?

#41 MwalimuHesabu
Basi Nairobi ilikuwa na zote mbili. Zilikuja kwenye mabunda mchanganyiko, mwenye duka hakujua, mnunuzi hakujua. Mtoto wa Kaloleni na mtoto wa Umoja walikuwa wakibishana shuleni nani ni mkali bila kujua kwamba mmoja alikuwa na muda wa ziada, sehemu moja ya tano zaidi kwa kila kuruka.

Sasa swali kwa #1: ile ya jirani ilikuwa na rangi?

#42 KasetiYaNjano
Hapo ndipo napokwama, Mwalimu. TV ya jirani ilikuwa Great Wall nyeusi na nyeupe. Haikuwa na rangi hata kwenye taarifa ya habari. Haiwezi kutoa ushahidi wowote.

Jirani alihama 2003. Nimempigia mamangu, anasema yule mama alirudi kwao na vitu vyote kwenye lori.

#43 KwayaYaJumapili
Nimefuata uzi huu kimya kwa siku tatu. Nina kitu cha kuongeza, kutoka upande wa sikio.

Mashine ya Ulaya iliyotengenezwa na Nintendo wenyewe ilipunguza mapigo ya chipu pia, kwa hiyo sauti zote zinashuka, zaidi ya nusu toni. Miigo kama hiyo ya fundi iliweka mapigo karibu na ya Kijapani, 26.601 ikigawanywa kwa 15, lakini picha 50. Yaani noti zinabaki pale pale, ila zinafuatana polepole. Wimbo wa Mario ni C. Kwenye mwigo unabaki C, unaotembea.

Sasa, mwaka 1999 mimi na rafiki yangu wa Makongeni tuliuweka wimbo huo kwenye kaseti ya redio, tukiisogeza redio mbele ya spika ya TV na kumfukuza kila mtu chumbani. Kaseti ninayo. Nimeisikiliza jana. Wimbo ni wa polepole kabisa, na uko chini ya C karibu toni nzima.

#44 MaktabaYaGemu
Kwa hiyo ilikuwa mashine ya Nintendo ya Ulaya? Makongeni?

#45 KwayaYaJumapili
Ndilo linalonisumbua. Ya Ulaya isingeshuka toni nzima. Na wao walimrekebisha Mario kwa ajili ya PAL, akimbie zaidi kidogo kufidia, wakati ninachokumbuka mimi ni Mario mzito. Inawezekana redio yenyewe imechoka, mkanda unavutwa polepole. Nimejaribu kwa kaseti nyingine ya kwaya iliyorekodiwa mwaka huo: nayo imeshuka, lakini si sana hivyo.

#46 MamaWaWawili
Mimi si mtaalamu. Nina mtoto wa miaka tisa. Nimempa Mario ya kasi kwenye TV bapa, bila hali yoyote ya gemu, na pedi isiyo na waya. Siku ya nne alikuwa dunia ya tatu. Hajui kwamba kuna tatizo. Kwa hiyo la TV silikatai, la picha 50 silikatai, lakini na #2 alisema kitu.

#47 KijanaWaPipeline
Nashukuru mama. Nimengoja tangu posti ya pili.

#48 FundiWaNgara
MamaWaWawili, jaribu hivi: kwenye emuleta nzuri, kwenye mipangilio ya mfumo, utakuta NTSC, PAL na Dendy. Dendy ni mwigo uliouzwa Urusi kuanzia 1992. Watu wa emuleta wametumia jina lake kwa mashine zote za aina hiyo, na hii ya dukani kwangu ni mojawapo. Mpe mtoto acheze kwa Dendy. #1 nawe jaribu.

#49 MamaWaWawili
Amecheza dakika mbili akasema, "Mama, huyu ana usingizi." Ameirudisha mwenyewe.

#50 KasetiYaNjano
Nimeweka Dendy jana saa nne usiku, watoto wamelala. Muziki ulipoanza nilijua. Sikuhitaji saa ya simu. Nilivuka shimo la kwanza bila kulitazama, nikashuka uwanja wa pili, nikatembea juu ya dari mpaka kwenye yale mabomba matatu, nikaenda dunia ya nne. Kidole kilikuwa kinabonyeza kabla sijakiambia.

Lakini kuna sehemu moja bado si yangu. Kwenye dunia ya nne, yule jamaa wa mawinguni anayerusha vitu vyenye miiba, namkumbuka akija kwa kuchelewa zaidi. Hata kwa Dendy anawahi. Labda ni TV kama anavyosema dada wa Kaloleni, labda ni kaseti kama anavyosema Nyanya.

#51 Mzee_Makadara
Au labda ulikuwa unamngoja na wenzako sita nyuma yako wakipiga kelele. Hilo nalo linapunguza mwendo wa mambo.

#52 Dereva_wa_46
Mzee amesema.

#53 MpyaHumu
Samahanini, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Yetu ya Huruma saa ilikuwa inaanza na 300 uwanja wa kwanza kabisa, si 400. Na ilikuwa usiku. Hiyo ni mfumo gani?

#54 MwalimuHesabu
300 ni ya ngome ya uwanja wa nne. Kulikuwa na moto unaozunguka?

#55 MpyaHumu
Hapana. Nyasi, mabomba, na anga jeusi.

#56 FundiWaNgara
Kaseti bado unayo?

#57 MpyaHumu
Iko kwa dadangu Huruma. Naweza kuileta Jumamosi.

#58 FundiWaNgara
Niko dukani mpaka saa kumi na moja. BintiKaloleni njoo na ile ya 21.477 tuziweke sambamba. Spiriti na pamba ninazo.

#59 KasetiYaNjano
Nakuja na watoto.